"Kila Mtoto": Mabanda ya Nairobi na Ahadi ya Elimu ya Kidijitali

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Mwaka wa 2013, Wakenya walipokuwa wakijiandaa kwenda debeni, muungano wa Jubilee ulitia katika manifesto yake ahadi iliyozungumzwa sana mijini na vijijini: kila mtoto atakayejiunga na darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa kipakatalishi. Katika nchi ambamo vizazi kadhaa vilijifunza kuandika kwa kuchora herufi mchangani, picha ya mtoto wa miaka sita mwenye tarakilishi mapajani ilikuwa tamu mithili ya asali. Wazazi waliipokea kwa vifijo. Walimu waliipokea kwa tahadhari, na wapinzani waliipokea kwa kejeli. Hata hivyo, wachache sana walisita kulitazama kwa makini neno moja dogo lililoibeba ahadi yote mabegani, yaani neno "kila".

Mwanafunzi yeyote wa sarufi ya Kiswahili anajua kwamba "kila" ni kivumishi kaidi. Vivumishi vingine hufuata nomino na kuivaa ngeli yake, ilhali hiki hutangulia mbele kama mjumbe wa mfalme, na hakibadiliki hata chembe. Huwa "kila mtoto", "kila shule", "kila kijiji". Kwa kuwa hakibadiliki, msikilizaji hudhani kwamba maana yake nayo haibadiliki. Kumbe mipaka ya "kila" huwekwa na nomino inayokifuata. Anayesema "kila mtoto" amewakusanya watoto wote wa nchi. Anayesema "kila mtoto wa shule ya umma" amekwisha kuchora mstari ardhini, na kuna watoto waliobaki ng'ambo ya pili. Historia ya elimu ya kidijitali katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ni historia ya mstari huo.

Safari ya kulilipa deni lenyewe haikuwa nyepesi. Zabuni ya kwanza ya vipakatalishi, iliyozidi shilingi bilioni 24, ilibatilishwa mwaka wa 2014 baada ya mvutano mkali wa kisheria. Mpango ukafumuliwa na kusukwa upya. Badala ya vipakatalishi, serikali iliamua kununua vishikwambi, na kazi ya kuviunganisha ikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kila kimoja kikishirikiana na kampuni za kigeni. Mwaka wa 2016 majaribio yalianza katika shule 150, kisha ugavi ukaenea nchini kote. Vifaa hivyo viliambatana na projekta, seva ya kuhifadhia masomo na kisambazaji cha mawimbi, ili darasa liweze kujifunza hata pasipo intaneti. Baadhi ya vifaa viliundwa mahususi kwa wanafunzi wasioona.

Mgala muue na haki umpe. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa, na zaidi ya shule 20,000 za msingi za umma zilifikiwa. Ili kishikwambi kiwake, sharti pawepo umeme, kwa hiyo mradi huu ulikuwa sababu mojawapo ya shule nyingi za mashambani kuunganishwa kwenye gridi ya taifa au kuwekewa mitambo ya nishati ya jua. Kuna vijiji ambavyo nguzo ya kwanza ya stima ilisimikwa kwa ajili ya shule. Asiyeyakiri hayo atakuwa ameamua kufumba jicho moja. Isitoshe, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, uliutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata. Kwa mara nyingine tena, neno "kila" likatangulia mbele.

Swali la kujiuliza ni hili: mtoto wa Mathare, Korogocho, Kibera au Mukuru husomea wapi? Aliyezoea ramani za serikali atajibu kwamba husomea katika shule ya msingi ya umma iliyo karibu. Anayezifahamu njia za mitaa hiyo atatikisa kichwa. Kwa miongo mingi makazi haya yalihesabiwa kuwa si halali, na palipohesabiwa kuwa si halali hapakujengwa shule. Shule za umma zilijengwa pembezoni mwa mitaa, nazo ni chache zikilinganishwa na umati wa watoto. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, madarasa ya shule hizo yalifurika. Pengo lililobaki lilizibwa na wakazi wenyewe, makanisa, mashirika na watu binafsi, ambao walijenga shule za mabati baina ya nyumba za mabati. Serikali imezipa shule hizo jina refu la vituo vya utoaji mbadala wa elimu ya msingi. Wazazi huziita shule tu. Sehemu kubwa ya watoto wa mabanda husomea humo, wakilipa karo ndogo ndogo kwa wiki au kwa mwezi, kadiri ya kibarua kilichopatikana.

Vishikwambi vilipogawiwa, orodha iliyotumiwa ilikuwa ya shule za umma. Kwa hiyo, mtoto ambaye serikali haikumjengea shule alinyimwa pia kifaa kwa sababu hakuwa katika shule iliyojengwa na serikali. Alikosa mara mbili, na kukosa kwa kwanza ndiko kulikotumiwa kuhalalisha kukosa kwa pili. Hakuna waziri aliyekaa kitako akaazimia kumtenga mtoto huyo. Kinyume chake, karani aliyezifungua rejista za shule za umma alifanya kazi yake kwa uaminifu, akajaza safu zote, akatia sahihi. Ubaguzi uliofanyika ulikuwa wa jedwali, na jedwali halina uso wa kusutwa.

Na atwaliwe mfano wa msichana mmoja wa Mathare, mwenye umri wa kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi. Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 2017, ugavi wa vishikwambi ukiendelea. Shule yake ni ya mabati, yenye vyumba sita, hatua chache kutoka mtoni. Mama yake ni mama fua: kila asubuhi huvuka barabara hadi Eastleigh, akaketi kando ya njia pamoja na wenzake, wakingojea mwenye nguo chafu awaite. Chumba wanachoishi ni futi kumi kwa kumi. Ndani yake mna kitanda, pazia, jiko, mitungi ya maji, na taa inayowaka kwa umeme ambao wenyeji huuita "sambaza". Umeme huo hautoki moja kwa moja kwa kampuni ya taifa. Hupitia mikono ya vijana wanaouuza kwa mwezi, na hukatika wakati wowote bila taarifa. Simu iliyomo nyumbani ni moja, nayo huondoka alfajiri mfukoni mwa mama kwa kuwa ndiyo inayomletea kazi.

Katika maisha ya msichana huyu, pengo la kidijitali si ufa mmoja unaoweza kuzibwa kwa kifaa kimoja. Ni nyufa zilizopangana kama matabaka ya kitunguu. Apewe kishikwambi leo, atakosa umeme wa uhakika wa kukichaji. Apate umeme, atakosa pesa za kununua data, maana shilingi ya data hushindana na shilingi ya maji na ya unga. Apate data, atakosa pembe tulivu ya kuketi, kwa kuwa chumba kimoja ni jiko, sebule na malazi. Apate pembe, atakosa mtu mzima wa kumwelekeza. Hata akipata yote hayo, bado patabaki hofu: kifaa chenye thamani ndani ya nyumba ya mabati humwita mwizi kwa jina. Maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba. Mtoto wa mabanda akionekana na kishikwambi njiani, wa kwanza kumshuku huenda akawa askari.

Hofu hiyo hiyo iliziandama hata shule zilizobahatika kupewa. Ilisimuliwa mara nyingi magazetini jinsi walimu wakuu walivyovifungia vishikwambi katika vyumba vya vyuma, kwa kuwa kikiibwa wao ndio watakaojibu. Mwalimu asiyepata mafunzo ya kutosha naye hakuwa na haraka ya kuviomba. Basi kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya vidole vya mtoto kikawa amana ya kulindwa dhidi ya vidole hivyo hivyo. Betri zikafa gizani. Msichana wa Mathare alipohamia shule ya umma mwaka wa 2023 ili kuanza sekondari ya chini, vifaa alivyovikuta vilikuwa vimenunuliwa kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza, miaka kadhaa kabla, na vingi havikuwaka tena.

Kabla ya hapo, hata hivyo, ulikuja mwaka wa 2020. Jumapili ya tarehe 15 Machi, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kuthibitishwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ikapeleka masomo kwenye redio, runinga na mtandao. Lilikuwa jambo la kupongezwa, na lilifanywa kwa haraka. Lakini sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha kuandika hatima yake. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, ni asilimia 8.8 tu ya kaya nchini zilizokuwa na tarakilishi, kipakatalishi au kishikwambi. Kaya zenye intaneti zilikuwa asilimia 17.9. Zenye runinga zilikuwa asilimia 40.7, na zenye redio asilimia 56.9. Kwa maneno mengine, hata redio, ambayo ndicho chombo cha mnyonge, haikuwa ndani ya kaya nne katika kila kumi.

Shule zilikaa zimefungwa hadi tarehe 12 Oktoba 2020, zilipofunguliwa kwa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne pekee. Wengine walingoja hadi Januari 2021. Kwa mtoto wa mtaa wa kitajiri, miezi hiyo ilikuwa ya kusoma mbele ya kioo cha tarakilishi, akimwona mwalimu wake na kumwuliza maswali. Kwa msichana wa Mathare, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya 4, ilikuwa miezi ya kuteka maji, kulea wadogo na kusahau. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Watoto hao wawili walirudi darasani siku moja, wakafungua kitabu kimoja, na baadaye wakafanya mtihani mmoja. Baadhi ya shule za mabati hazikufunguliwa tena, kwa kuwa karo ya wiki ilikoma siku milango ilipofungwa, na mwenye nyumba hakusubiri.

Pengo hili halikuishia kwenye janga hilo. Mtaala wa Umilisi ulileta nyumbani kazi za aina mpya: picha ya kutafutwa mtandaoni, chati ya kuchapishwa kwa rangi, video ya kutazamwa pamoja na mzazi. Kazi za tathmini nazo hupakuliwa na walimu kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani, na malalamiko ya wazazi kuhusu gharama ya kuzichapisha yamesikika mara nyingi. Hapo ndipo unapoingia mlango ambao serikali haikuujenga wala kuuweka kwenye mpango wowote, yaani mlango wa saiba. Jioni, mama fua anaporudi na mikono iliyochunwa na sabuni, humkuta binti yake akimngojea na daftari.

"Kijana wangu, hebu niangalizie hii," husema mama anapofika saiba. "Mwalimu anataka iwe ya rangi."

"Sawa, mama. Keti kidogo, mtandao umelala."

Mama huketi. Akilini hupiga hesabu: ya rangi ni ghali kuliko ya rangi nyeusi, na nyanya za jioni bado hazijanunuliwa. Kijana wa saiba, ambaye huenda alimaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo, ndiye anayejua picha gani inafaa, neno gani litafutwe, na ukurasa gani uaminiwe. Yeye ndiye mwalimu halisi wa elimu ya kidijitali katika mtaa ule. Hajaajiriwa na tume yoyote, hajapewa mafunzo yoyote, na hakuna ripoti ya wizara inayomtaja.

Si kazi za shule peke yake zinazompitia. Cheti cha kuzaliwa, maombi ya mkopo wa masomo, nafasi za vyuo vikuu, kitambulisho cha ushuru, yote yamehamia mtandaoni. Mwaka wa 2025, kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi lilipochagua shule za sekondari ya juu na mikondo ya masomo, uchaguzi huo ulifanywa kupitia tovuti ya Wizara ya Elimu. Kwa mwenye tarakilishi nyumbani, kuhamia mtandaoni ni kupunguziwa foleni. Kwa mama wa Mathare, ni kuongezewa mtu wa kati. Hajui kutunga nywila, basi hutungiwa na kijana wa saiba. Hajui kuitunza, basi huandikiwa kwenye karatasi, nayo nakala hubaki katika daftari la saiba ili akirudi asisumbuke. Namba yake ya kitambulisho, jina la mamaye, tarehe za kuzaliwa za wanawe, vyote viko kwenye kaunta ya mtu asiyemjua vizuri. Wengi wa vijana hao ni waaminifu. Lakini haki ya raia haipaswi kutegemea uaminifu wa mpita njia. Asiyeweza kusoma barua yake mwenyewe amekuwa daima mikononi mwa msomaji wake, na mtandao umezirudisha upya siku zile za kuandikiwa na kusomewa barua.

Kwa wapenzi wa Kiswahili lipo tabaka jingine la kitunguu hiki, nalo ni lugha. Sera ya elimu inaelekeza kwamba katika gredi za mwanzo mtoto afunzwe kwa lugha ya mazingira yake, na mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini mtoto wa Korogocho akiwasha kifaa, kinachomkaribisha ni Kiingereza. Menyu ni Kiingereza, onyo la hitilafu ni Kiingereza, na tovuti nyingi za huduma za serikali humwamuru kwa Kiingereza. Nyumbani huzungumza Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Kwa hiyo hujifunza mambo mawili mageni kwa pamoja, mashine na lugha ya mashine, kisha akishindwa huambiwa kuwa hana kipaji cha teknolojia.

Wala haisemeki kwamba Kiswahili hakiwezi. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka wa 2003. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Istilahi zimebuniwa kwa wingi: tarakilishi, kipakatalishi, kishikwambi, nywila, tovuti, barua pepe. Wasomi wamejadiliana kwa bidii kama mashine hiyo iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mijadala hiyo ina faida yake. Lakini istilahi isiyoonekana kwenye kioo cha kifaa hubaki makongamanoni. Mama fua akielezwa kuwa neno sahihi ni "nywila", atauliza liko wapi kwenye ukurasa anaotakiwa kuujaza, na swali lake litakuwa la haki.

Wapo watakaopinga hoja hizi zote kwa neno moja: njaa. Watasema kwamba mtaa usio na mabomba ya maji wala vyoo vya kutosha hauhitaji vishikwambi, na kwamba kumpelekea fukara tarakilishi ni kumpaka kilemba cha rangi mtu asiye na shati. Hoja hii ina uzito, kwa maana mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliposomba nyumba kandokando ya Mto Mathare, hakuna aliyeomba intaneti. Watu waliomba blanketi na maji safi. Lakini hoja yenyewe ina kasoro. Dunia haikumngojea mkata amalize kujenga choo ndipo ihamishie kazi, mikopo na vyeti mtandaoni. Imekwisha kuhama. Anayemwambia maskini asubiri anamtaka asubiri ng'ambo ya mto ambao daraja lake limeng'olewa. Kula na kusoma havijawahi kupangiwa zamu katika nyumba ya maskini. Mama fua hulipa karo kabla hajatosheka kwa chakula, kwa sababu anajua kwamba njaa ya mwanawe ya kesho inaanzia kwenye daftari la leo.

Wapo pia wanaoamini kinyume, kwamba kifaa pekee kinatosha, na hao nao wana la kujifunza. Peru ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupokea kwa mikono miwili mpango wa One Laptop per Child, uliobuniwa na Nicholas Negroponte. Tathmini iliyochapishwa mwaka wa 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilichunguza mamia ya shule za mashambani nchini humo. Ilibainika kwamba watoto walikuwa na vipakatalishi vingi zaidi kuliko awali, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda kwa namna iliyoonekana. Kifaa kilifika, ufundishaji haukubadilika. Dafu haliliwi kwa kuangaliwa. Sharti apatikane mwenye kisu na ajuaye kulipasua.

Je, kuna njia? Ipo, na baadhi yake imekwisha kukanyagwa katika mitaa yenyewe. Kibera, tawi la maktaba ya taifa lilianza kuwatumilia watoto wa shule za jirani vishikwambi vichache mwanzoni mwa miaka ya 2010, chini ya mradi ulioitwa Kids on the Tab, kabla mpango wa serikali haujafika darasani. Siri yake haikuwa wingi wa vifaa. Palikuwa na chumba chenye umeme na utulivu, na mkutubi aliyejua watoto wanahitaji nini. Kibera hiyo hiyo umezaliwa TunapandaNET, mtandao wa kijamii unaoziunganisha shule na vituo vya vijana kwa gharama ndogo, ukiendeshwa na vijana wa mtaa waliojifunza kupanda juu ya paa na kufunga antena. Mifano hii ni midogo. Hata hivyo inafunza kwamba kinachokosekana mabandani si vipaji wala ari, bali mahali na mtu wa kuongoza.

Mpango Mkuu wa Kidijitali wa Kenya wa 2022 hadi 2032 umeahidi kilomita 100,000 za nyaya za mkongo, maeneo 25,000 ya umma yenye intaneti isiyo na waya, na vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450 za nchi. Ahadi hizi ni nzuri, na zinastahili kuombewa heri. Lakini wadi moja ya Mathare au Mukuru ina watu waliorundikana kwa namna isiyolinganishwa na wadi ya mashambani, na kituo kimoja kwa wadi kitakuwa tone baharini. Yafaa hesabu ianzie kwa mtoto mwenyewe, popote anaposomea, kisha ifuate shule, badala ya kuanzia kwa shule na kumwacha mtoto ajitafutie nafasi ndani ya orodha. Yafaa shule za mabati zilizosajiliwa zihesabiwe zinapogawiwa vifaa na mafunzo ya walimu. Yafaa vijana wa saiba watambuliwe, wafunzwe kulinda siri za wateja wao, na walipwe kwa kuwasaidia wazee na wanafunzi. Yafaa kurasa za serikali zimsemeshe raia kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa Katiba yenyewe imekwisha kuamua.

Hilo la mwisho ni jukumu linalowaangukia moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu. Wengi wao wamepanga vyumba katika mitaa isiyo mbali na mabanda. Wengine wamezaliwa humo. Wanazo istilahi, wanayo sarufi, na wanajua kutafsiri. Fomu moja ya serikali ikifasiriwa ipasavyo na kubandikwa ukutani mwa saiba, itamfaa mama fua kuliko tasnifu inayokaa rafuni ikisubiri vumbi. Kazi hiyo haina shahada wala tuzo, lakini ndiyo inayoweza kuitoa lugha kwenye ukumbi na kuipeleka kaunta.

Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Watoto walioahidiwa tarakilishi wakiwa hawajajua kusoma sasa wana ndevu changa na sauti nzito. Mabinti zao wa rika ni wanawali. Baada ya miaka michache watatafuta vyuo na ajira katika nchi ambayo kila tangazo, kila ombi na kila jibu litakuwa mtandaoni. Wengine wataingia humo kama mwenye nyumba anayeingia sebuleni kwake. Wengine watabisha hodi kwa kupitia kaunta ya saiba, wakilipa kwa dakika. Deni la 2013 halikulipwa lilipopelekwa shuleni kwenye makasha. Litakuwa limelipwa siku msichana wa Mathare atakapoandika maombi yake mwenyewe, kwa mkono wake, katika lugha aielewayo, kisha akaifunga nywila yake bila ya mtu mwingine kuijua.